Namna ya Kutomzamisha Samaki

Samaki anaweza kuzama. Wavuvi wengi wa kayaki hapa Durban wameshalithibitisha jambo hilo kwa mikono yao wenyewe, alfajiri, kwa ndoo ya rangi ya lita 20, na wapo wanaoendelea kulithibitisha kila Jumamosi kwa bidii ambayo ingefaa itumike kwenye shughuli yenye heri. Humvua kibua mzima, jicho linang'aa, mkia haukai. Humtumbukiza ndooni. Hupiga kafi nusu saa kumfuata nguru, wakifika hufunua mfuniko na kukuta maiti nne zimelala ubavu. Halafu wanalaumu mwezi, wanalaumu upepo, wanamlaumu jirani aliyewaombea mabaya. Ndoo hailaumiwi na mtu.

Mwongozo huu ni wao. Nitawacheka waziwazi, kwa kuwa ndoo hizo zimeua vibua wa kutosha, na dawa yake ni kipande cha bomba la choo ambacho yeyote mwenye msumeno anaweza kukigeuza nyumba ya samaki kwa mchana mmoja.

Tuanze na anayetafutwa. Ni nguru, ambaye watu wa Durban humwita couta. Majira ya joto yakishakomaa, Januari hivi, mpaka Mei, habari zake ndizo zinazowatoa watu kitandani saa tisa usiku. Rekodi ya dunia ya nguru, ile inayotunzwa na shirika la IGFA kwa samaki waliovuliwa kwa fimbo na mshipi, ni ya kilo 44.9, naye alitoka Scottburgh, mji mdogo wa pwani kusini mwa Durban, mwaka 1982. Kwa hiyo mvuvi anayepiga kafi baharini hapa hafuati ndoto. Bahari iliyo mbele yake ilishatoa nguru mkubwa kuliko wote walioandikwa vitabuni.

Nguru huyo hula kwa kufukuza. Hukata mkia wa windo kwa meno yake makali, likishindwa kukimbia anageuka kulimalizia. Kabla hajakiona chambo amekwisha kukihisi: samaki wana mstari ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji, na kibua mwenye hofu anatikisa maji vibaya sana. Dagaa mfu aliyeburutwa kwa ustadi naye hupata nguru, sikatai, na wazee wengi wa hapa hawatumii kingine. Ila dagaa huyo alichaguliwa, akafungwa vizuri, akapewa mwendo wake. Kibua aliyezama ndani ya ndoo hakuchaguliwa na mtu. Hiyo ni ajali, na mvuvi anayeitundika ajali kwenye ndoana asishangae nguru akimpita.

Sasa tuikalie ndoo kitako, maana ina makosa matatu na kila moja linatosha kuihukumu.

La kwanza ni pumzi. Lita moja ya hewa unayovuta wewe ina oksijeni mililita 210 hivi. Lita moja ya maji ya bahari, hata yakishiba oksijeni kabisa, ina mililita 5 tu au zaidi kidogo. Na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba pungufu: kwenye nyuzi 15 bahari hubeba karibu miligramu 8 kwa lita, kwenye nyuzi 25 hushuka chini ya 7. Msimu wa nguru Durban ndio msimu wa maji ya nyuzi 25. Yaani siku ile ile unayomhitaji kibua, ndiyo siku ndoo yako ina pumzi kidogo zaidi. Ongeza jua linaloipiga ile plastiki nyeupe juu ya sitaha, ongeza amonia ambayo kila samaki huitoa kupitia matamvua yake, na utaona kwamba vibua wanne ndani ya maji yasiyobadilika wanahesabiwa dakika.

Tena si kila samaki anaweza kusimama akahema. Jodari na makareli hupata pumzi kwa kuogelea mdomo wazi, maji yaingie mbele yatokee kwenye matamvua. Akisimama, pumzi inakatika. Maasbanker, kibua ambaye vijana wa hapa humwita mozzie, ana nafuu kwa sababu anaweza kuyasukuma maji kwa mashavu yake akiwa ametulia. Ndiyo maana yeye hudumu ndooni muda mrefu kidogo na kumpa mwenye ndoo matumaini ya uongo. Makareli hana subira hiyo. Ndani ya ndoo anazunguka, anagonga ukuta, anazunguka tena, na kila mzunguko anatumia oksijeni aliyokuwa akiitafuta.

Kosa la pili ni uzito. Lita 20 ni kilo 20 na ushei, na kilo hizo hazitulii. Kayaki ya kuvulia ina upana wa sentimita 60 au 70. Wimbi likikuinamisha kulia, maji yote ya ndoo yanakimbilia kulia kama abiria wa daladala lililokata kona, na kayaki inayotaka kujiinua inakuta imekaliwa. Manahodha wa meli kubwa huogopa maji yanayoteleza ndani ya chombo. Wewe umeyapandisha mwenyewe, ukayaweka mgongoni, ukayafungia na mpira.

La tatu ni mikono. Ndoo ina mdomo mpana na kina kirefu, kwa hiyo kumtoa samaki mmoja ni lazima uwafukuze wote. Vidole vikavu vinamvua kibua ule ute unaomkinga ngozi, magamba yanabaki kiganjani, na unayemtoa mwishoni ni mgonjwa.

Nao wapo waliokwisha kuikimbia ndoo wakaangukia pabaya zaidi. Yuko anayewaweka vibua ndani ya boksi la barafu alilolijaza maji ya bomba nyumbani, maji matamu yenye klorini, akashangaa kwamba wanapindukia kabla hajamaliza kufunga mfuniko. Yuko anayewafunika kwa gunia bichi akidai babu yake alifanya hivyo. Babu alikuwa akipeleka kaa sokoni. Na yuko anayechota kikombe kimoja cha maji mapya kila anapokumbuka, na anapokumbuka ni pale anapotaka kuvuta sigara. Hawa wote wanahangaika na chombo cha kuwekea maji. Kinachotakiwa ni chombo cha kupitishia maji.

Nenda basi duka la vifaa vya ujenzi, lolote, ukanunue bomba la PVC la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 110. Mombasa na Dar es Salaam mafundi wanaliita bomba la inchi 4, na ni lile lile linaloshuka kutoka chooni kwenye nyumba za ghorofa. Nunua jipya. Namwona msomaji aliyekwisha kulitazama lile lililotelekezwa nyuma ya nyumba. Liache huko huko. Chukua pia kifuniko kimoja chenye nyuzi za kufungua na kufunga kwa mkono, wanachokiweka mafundi mahali pa kuzibulia, pamoja na kiungio chake, kopo dogo la gundi ya PVC, msasa, kamba, na lile sponji refu la mviringo ambalo watoto hulishika wakijifunza kuogelea. Mbele ya bomba utahitaji chupa ya soda ya lita 2, na hiyo usiinunue. Shuka Blue Lagoon, mto Umgeni unapoingia baharini, mvua ikishanyesha. Utachagua rangi unayoitaka.

Kata bomba urefu wa sentimita 70. Urefu huo sikuuchagua kwa macho, umetokana na sheria, na nitaufikia.

Mlango uwe nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kununua vifaa sahihi: wanaweka mlango mbele, kwa kuwa ndio upande unaofika mkononi, na kila samaki anayeingia kichwa kwanza anajikuta ameupa mkondo mkia. Maji yakimwingia kinyume kwenye matamvua, umerudi kwenye ndoo. Mlango ukiwa nyuma, kibua anaingia kichwa kikielekea omo, maji yanamkuta mdomoni, anasimama palepale akipiga mkia taratibu na bahari inampitia. Kwa makareli hiyo ndiyo tofauti ya kuishi na kufa. Gundisha kiungio nyuma, fungia kifuniko chake, na kitoboe matundu ili maji yapate pa kutokea.

Kwa omo, kata bega la ile chupa, sehemu inayoanza kupungua kuelekea shingoni. Upana wa chupa ya lita 2 unakaribia sana upana wa bomba, kwa hiyo ukipunguza kidogo kwa mkasi inaingia kwa kubana. Gundi ya PVC haishiki plastiki ya chupa, usibishane nayo. Toboa matundu madogo manne kwenye bomba na kwenye chupa, uyashone kwa zile kanda nyembamba za plastiki zinazojikaza zenyewe, ukate mikia yake na kuisugua isichome. Tayari una pua iliyochongoka inayokata maji badala ya kuyasukuma, na shingo ya chupa imekuwa mdomo wa kuingizia bahari.

Bomba hili huchukua lita 6 hivi. Ukipiga kafi mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mwendo ambao mtu mwenye afya anauweza asubuhi nzima, maji yanayoingia kwenye shingo ile yanabadilisha lita zote 6 ndani ya nusu dakika au pungufu. Ndoo yako, bwana, ilibadilishwa maji lini? Ukiona mkondo ni mkali mno na samaki wanachoka, rudishia kizibo cha chupa baada ya kukitoboa tundu dogo. Unacho kidhibiti mwendo cha bure, na kiwanda cha soda hakijui.

Sasa matundu ya ubavuni. Chukua keekee yenye ncha ya milimita 10, utoboe mistari minne kuzunguka nusu ya nyuma ya bomba, tundu na tundu yakipishana vidole vitatu. Nusu ya mbele iache nzima. Mtu akishika keekee hupata ulevi, na nimeyaona mabomba yaliyotobolewa mpaka yakawa chujio: maji yanaingia popote, yanatoka popote, na samaki aliye ndani hana mkondo wowote wa kuelekea. Matundu ya nyuma kazi yake ni kutoa maji yaliyokwisha kupumuliwa, na pia kuyabadilisha taratibu pale unapotulia kuvua, mawimbi yakilipandisha na kulishusha bomba. Kumbuka tu kwamba ukielea na mkondo bila kupiga kafi na bila upepo kukusukuma, wewe na maji mnasafiri pamoja, na ndani ya bomba hakuna kinachopita. Mozzie atavumilia. Makareli anakuomba upige kafi.

Halafu msasa, na hapa nakusihi usifanye haraka. Kila tundu ulilotoboa limeacha ukingo mkali upande wa ndani, ambako huoni. Zungushia msasa kwenye kijiti, uingize, usugue tundu moja moja mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Samaki anayepigwapigwa na wimbi dhidi ya ukingo huo anatoka amepoteza jicho au magamba ya ubavu. Mtu aliyekubali kumtumia kiumbe kwa riziki yake ana wajibu wa kumpunguzia maumivu yasiyo ya lazima, na kusugua bomba ni wajibu mwepesi kuliko mwingi tuliopewa.

PVC ni nzito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo ukiliacha lilivyo litazama. Lifungie lile sponji mgongoni, kutoka omo hadi tezi, ili lilale mlalo, viganja viwili chini ya uso wa maji. Kama bomba ni jeupe, lizungushie utepe mweusi, maana gizani samaki hutulia. Gundi iache ikauke siku mbili, kisha bomba lilale ndani ya maji usiku mzima na kuoshwa. Harufu ya gundi hiyo inakuumiza kichwa wewe mwenye kilo 80. Kibua ana gramu 150.

Nimesema urefu umetokana na sheria. Chambo kinachopendwa sana kwa nguru mkubwa Durban ni samaki aitwaye shad, na shad ana wakili. Kwa mvuvi wa burudani, Afrika Kusini hairuhusu kumchukua shad aliye chini ya sentimita 30, hairuhusu zaidi ya wanne kwa mtu kwa siku, na kuanzia Oktoba mosi hadi Novemba 30 hairuhusu kumchukua kabisa. Kumtia kwenye bomba ni kumchukua. Bomba fupi la sentimita 40 analolibeba jirani yako linasema jambo moja kati ya mawili: hatumii shad, au anatumia watoto. Kwenye sentimita 70, shad wa halali anakaa amenyooka na mkia wake haugusi mlango. Kibali chenyewe cha kuvua kinauzwa posta, kwa mujibu wa Sheria ya Rasilimali Hai za Bahari ya mwaka 1998, na samaki aliyevuliwa kwa kibali cha burudani hauzwi, wala yeye wala chambo chake.

Tuingie majini. Wengi huanzia Vetch's, kwenye ufuo uliojikinga nyuma ya gati lililoachwa bila kumalizika miaka ya 1860, ambalo siku hizi ni mwamba wa samaki. Mawimbi hapo ni ya watu wanaojifunza. Ng'ambo ya mlango wa bandari unasimama mlima wa Bluff. Huko juu, Kings Rest, waliishi wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban: watu waliokombolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye vyombo vya biashara ya watumwa, wengi wao Wamakua, walioanza kuletwa hapa kupitia Zanzibar mwaka 1873. Utawala wa ubaguzi uliwang'oa miaka ya 1960 ukawapeleka Chatsworth, mbali na bahari. Mswahili anayepiga kafi chini ya mlima ule asijidhanie mgeni wa kwanza.

Ukiwa unatoka, bomba liwe tupu, limefungwa juu ya sitaha kwa mipira miwili. Hili nalisema bila kucheka hata kidogo: usiburute kitu chochote kwenye mawimbi yanayovunjika. Wimbi likikupindua, kamba ya bomba inatafuta mguu wako, na bomba lenye lita 6 za maji linaongoza kwenda ufukweni likikuburuta nyuma yake. Kamba yenyewe iwe ya mita moja, ifungwe omo ya bomba, na upande wa kayaki iwe na kibanio unachoweza kukifungua kwa kidole kimoja. Isifungwe kiunoni. Isifungwe kifundoni. Mvuvi anayejifunga samaki mwilini katika bahari ya KwaZulu-Natal amejaza fomu ya maombi.

Papa wapo, na anayekwambia hawapo anakuuzia kayaki. Nyavu za kukinga waogeleaji zilitandazwa Durban mara ya kwanza mwaka 1952, na leo zinatunzwa na Bodi ya Papa ya KwaZulu-Natal, yenye makao yake Umhlanga. Ziko kiasi cha mita 400 kutoka ufukweni. Wewe unavua nje ya nyavu hizo, na unaburuta bomba lenye viumbe vinavyotapatapa. Bomba likae tezi, nyuma yako, lisining'inie kando ya goti. Miguu ibaki ndani ya kayaki wakati wa kubadilisha chambo. Na kama papa amekuja kulikagua bomba, mwachie mlango wazi umpishe. Vibua wengine watapatikana. Nyavu zenyewe na maboya yake si mahali pa kujifungia kayaki upumzike.

Vibua hupatikana juu ya miamba, na pale ndege wanapopigapiga maji, kwa ule mshipi wa ndoana ndogo nyingi zenye manyoya uitwao sabiki. Bana miiba ya ndoana kwa koleo kabla hujatoka nyumbani. Mtu asiyebana miiba hutumia dakika nzima kumng'oa kila samaki, akimkamua kiganjani, akimtukana, wakati mwenye miiba iliyobanwa huielekeza ndoana juu ya mlango wa bomba, akaitikisa, na kibua akaanguka ndani bila kuguswa. Ikibidi umguse, lowesha mkono kwanza. Kumtoa ni kuliinamisha bomba kwa kuinua omo: maji yanatoka, kibua anateleza nyuma, mkia unakufikia mkononi.

Idadi ni vibua wanne wadogo, au shad mmoja. Hapa ndipo ninapogombana na watu wazuri. Tamaa ya mvuvi haipimwi kwenye nguru, inapimwa kwenye chambo: hata kabla jua halijatoka ameshaona samaki kumi atakaowapata na amekwisha kuwatafutia chambo cha kila mmoja. Anasukuma wa tano, wa sita, wa nane. Bomba linakuwa ndoo iliyolala. Wanne walio hai wanamvuta nguru kuliko wanane waliopoteza fahamu, na wakiisha, sabiki iko palepale miguuni mwako.

Jihadhari pia na maji ya kahawia. Mvua kubwa ikinyesha, Umgeni husukuma baharini maji ya mto yenye tope, na baada ya mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 na kuvunja mitambo ya majitaka, kilichotoka na mito ya hapa kilizifunga fukwe za mji. Mpaka wa maji ya kahawia na ya buluu ni mahali pazuri pa kumngojea nguru, na wavuvi hupita wakiufuata. Pita upande wa buluu. Bomba lako linapokea kila unachokipitia, na kibua aliyefungwa hawezi kukwepa tope wala maji matamu. Ukilazimika kukatiza, katiza haraka.

Wapo watakaoniambia kwamba bomba la kuburuta ni la kimaskini, na kwamba mtu wa kisasa anaweka pipa lenye pampu. Sawa. Chukua pipa la mviringo, maana kwenye kona samaki hujibana na kujiumiza pua. Pampu ndogo ya volti 12, ya zile zinazosukuma lita 1,900 kwa saa. Tundu la kutokea liwe pana maradufu ya la kuingilia, vinginevyo unajijazia mashua. Betri ya saa-ampea 7 itakupa saa tatu hivi, baada ya hapo una ndoo ya gharama kubwa na betri iliyokufa. Kwa mashua yenye injini ningelisifu pipa hilo. Kwa kayaki, ambako kila kilo inapigiwa kafi, bomba linashinda, na linashinda kwa kuwa pampu yake ni mabega yako.

Na nyie wa ngalawa na mitumbwi, Tanga, Lamu, Kilwa, mnaovua nguru kwa mshipi wa mkono: bomba la inchi 4 mnalo, chupa mnazo kupita kiasi, na maji yenu yana joto kuliko ya Durban, ambayo ni kusema ndoo huko inaua haraka zaidi. Lifungeni ubavuni, upande ulio kinyume na upepo, chini ya tengo. Matanga yakishika, chambo kinapata bahari mpya bila mtu kuinua mkono.

Kabla ya kurudi ufukweni, ukiwa bado nje ya mawimbi yanayovunjika, fungua mlango wa nyuma na uwaachie waliobaki. Watu huwabeba mpaka mchangani kuwaonyesha watoto, kisha huwatupia kunguru. Mtoto anayetaka kumwona kibua apelekwe siku ya bahari shwari, amwone akiondoka. Bomba lifunge tena juu ya sitaha, uteremke na wimbi mikono ikiwa na kafi tu, na nyumbani lioshe kwa maji matamu, likauke mlango ukiwa wazi.

Bomba lililopotea baharini ni takataka nyingine ya plastiki, tena yenye mtego ndani yake. Mradi wa Litterboom wa hapa Durban umekuwa ukitandaza mabomba marefu kuvuka mito ili kuzuia plastiki isifike baharini, na ni aibu kwa wavuvi kuileta kwa mlango wa pili. Kagua fundo kila unapotoka. Andika namba yako ya simu ubavuni mwa bomba kwa wino usiofutika, na ukiliokota la mwenzako kwenye mchanga wa Blue Lagoon, mpigie.